Muulize Yaya Mwalimu: Ile ngazi ya mafuvu haikuchorwa na Darwin

Sijui nani amewaambukiza, ila barua za mwezi huu karibu zote zinauliza tulikotoka. Nimeziweka pamoja. Ya kwanza ni ndefu na jibu lake ni refu zaidi. Mwenye haraka aruke, aende kwa dereva wa Kabwe chini kabisa.

Swali: Jambo sana, Yaya Mwalimu. Niko mwaka wa kwanza katika chuo kikuu kimoja hapa Lubumbashi, ninakaa Katuba kwa wazazi. Kaka mmoja wa mwaka wa tatu alinivuta kwenye klabu ya antropolojia. Wanakutana Jumamosi mchana, madarasa yakiwa matupu. Nilipapenda: watu wanabishana hadi jasho, kisha wanagawana karanga. Lakini mambo mawili yananisumbua. Mama yangu ni shemasi katika kanisa la uamsho, na ameshasema nikiendelea nitarudi nyumbani siku moja nikihubiri kwamba babu alikuwa nyani. Halafu juzi mwenzetu alileta kopi ya mchoro wa kitabu cha zamani: mafuvu yamepangwa kwa ngazi, juu Mzungu, chini sokwe, na Mwafrika amekalishwa jirani ya sokwe. Akasema ndivyo Darwin alivyofundisha. Nilichukua mfuko wangu nikatoka. Je, nirudi? Na haya mawazo ya mageuko yalianza kwa nani hasa? — Mwanafunzi, Katuba

Jibu: Rudi, mdogo wangu, na ukifika omba mchoro ule uwekwe tena mezani. Mchoro wa namna hiyo hauchanwi, unahojiwa. Nani aliuchora? Mwaka gani? Mafuvu yenyewe aliyatoa wapi, na wenye vichwa waliulizwa? Halafu mwambie mwenzako, kwa upole, kwamba amemsingizia Darwin, yule Mwingereza wa mageuko, yaani viumbe kubadilika kizazi baada ya kizazi. Ile ngazi ilikuwepo kabla Darwin hajazaliwa.

Wasomi wa Ulaya waliirithi kutoka kwa Wagiriki wa kale: mawe chini, juu yake mimea, wanyama, binadamu, na baada ya Ukristo kuingia wakaongeza malaika. Kila kitu na daraja lake, na hakuna anayehama. Hayo si mageuko hata kidogo, ni kinyume chake. Waliofikiri kwamba viumbe hubadilika walikuwa wachache na waliishi mbalimbali. Anaximander wa Mileto, zaidi ya miaka 500 kabla ya Kristo, alisema watu wa kwanza walitokana na viumbe wa majini mfano wa samaki. Katika karne ya 9 huko Basra, al-Jahiz aliandika kitabu kikubwa juu ya wanyama, akaeleza wanavyowindana ili waishi na jinsi mahali wanapokaa panavyowaathiri. Hawa hawakuacha shule ya kuendeleza jambo hilo.

Mwaka 1735 Linnaeus wa Sweden aliwapanga viumbe wote kwa makundi, akamweka binadamu kundi moja na nyani. Wapo waliokunja uso. Lakini Linnaeus alikuwa mtu wa dini, aliamini kila aina iliumbwa kama ilivyo. Aliangalia tu meno na viungo, akaona hakuna sababu ya kututenga. Mwambie mama yako hilo: aliyetukalisha kundi moja na nyani hakuwa mpinga Mungu.

Sasa twende Paris, maana huko ndiko nataka ukae kidogo. Georges Cuvier alichunguza mifupa ya tembo wa kale, na mwaka 1796 akaonyesha kwamba kuna aina za wanyama zilizokwisha kabisa duniani. Ilikuwa habari nzito, kwa kuwa wengi waliamini kilichoumbwa hakiwezi kupotea. Cuvier huyo alikataa mageuko katakata. Mwenzake wa makumbusho yale yale, Lamarck, ndiye aliyeyatangaza mwaka 1809: kiungo kinachotumiwa hukua, kisichotumiwa hudhoofu, na watoto hurithi hayo. Njia hiyo haikushika. Mchimba shaba mwenye mabega mapana hazai mtoto mwenye mabega ya kuchimba, tumeona vizazi vingapi hapa? Lakini Lamarck alisema hadharani kwamba viumbe hubadilika, na akafa maskini, kipofu.

Basi kati ya hao wawili, nani alimsogeza Mwafrika jirani ya nyani? Ni Cuvier, yule aliyekataa mageuko. Mwanamke wa Kikhoi kutoka Afrika Kusini, Saartjie Baartman, alikuwa akionyeshwa kwa kiingilio London na Paris. Alipofariki mwishoni mwa 1815, Cuvier aliupasua mwili wake, akaandika ripoti ya kumlinganisha na nyani. Mifupa yake ilibaki makumbusho ya Paris, ikarudishwa kwao mwaka 2002 tu. Wakati wa ripoti ile Darwin alikuwa bado mtoto wa kukimbizana na mende bustanini. Hapo ndipo utamshika mwenzako wa klabu.

Darwin sasa. Alipokuwa kijana huko Edinburgh, aliyemfundisha kukausha na kujaza ngozi za ndege alikuwa mtu mweusi, John Edmonstone, aliyezaliwa utumwani Guyana kisha akapata uhuru. Ufundi huo ndio aliopanda nao meli ya Beagle mwishoni mwa 1831. Alizunguka dunia hadi Oktoba 1836, akisoma njiani kitabu cha Lyell, mtaalamu wa miamba, kilichosema milima na mabonde ni kazi ya nguvu ndogo ndogo kwa muda mrefu mno. Bila muda huo mrefu, mageuko hayana pa kukanyaga. Mwaka 1837 katika daftari lake alichora mti wenye matawi, mchoro mbaya hata mtoto wa shule ya msingi angemshinda, na juu yake akaandika: “Ninadhani.”

Huo mti ndio uliovunja ngazi. Kwenye ngazi kuna wa juu na wa chini. Kwenye mti wa Darwin, kila kiumbe kinachoishi leo kiko kwenye ncha ya tawi: wewe, sokwe, kambale wa Luapula. Sokwe si wewe ambaye hujamaliza shule. Amesafiri muda ule ule uliosafiri wewe, kwa njia yake.

Alikaa na mawazo hayo miaka ishirini hivi. Kilichomshtua ni barua ya 1858 kutoka visiwa vya mashariki ya mbali. Alfred Wallace, kijana asiye na mali, aliyejilipia safari kwa kuuza wadudu na ngozi za ndege, alikuwa ameshikwa na homa na kitandani akafikia jambo lile lile, uteuzi wa asili: wanaofaa zaidi mahali pao ndio hubaki hai na kuzaa. Maandishi ya wote wawili yakasomwa London tarehe 1 Julai 1858, wenyewe wote hawapo. Kitabu cha Darwin kikatoka Novemba 1859. Mwaka uliofuata, huko Oxford, Askofu Wilberforce anasimuliwa kuwa alimuuliza Thomas Huxley, mtetezi wa Darwin: ni upande wa babu au wa bibi ndiko ulikotokana na nyani? Kwa hiyo utani wa mama yako una zaidi ya miaka 160. Na tarehe ya mkutano ule, tafadhali, ilikuwa 30 Juni 1860. Miaka mia kamili kabla ya Uhuru wetu. Mimi ni mtu wa tarehe, nisamehe.

Sikwambii Darwin alikuwa malaika. Ukoo wake ulipinga utumwa na yeye aliuchukia, lakini alipoandika juu ya binadamu mwaka 1871 bado alizungumza juu ya mataifa ya juu na ya chini kama Waingereza wengi wa wakati wake. Katika kitabu hicho hicho, hata hivyo, alisema chimbuko letu huenda ni Afrika, kwa kuwa jamaa zetu wa karibu, sokwe na gorila, wanaishi huku. Ulaya haikupenda. Mwaka 1912 Waingereza walishangilia fuvu la Piltdown, eti binadamu wa kale ni wa kwao. Mwaka 1953 ikafichuliwa kwamba ni fuvu la mtu lililounganishwa na taya la orangutan, meno yamepigwa tupa. Kwa miaka mingi ya kipindi hicho fuvu la mtoto wa Taung, jamaa wa kale wa binadamu, lililopatikana Afrika Kusini mwaka 1924, lilikuwa likidharauliwa na wakubwa wa fani.

Ngazi nayo haikufa. Iliingilia dirisha la antropolojia. Tylor huko Uingereza, 1871, na Morgan huko Marekani, 1877, walisema jamii zote hupita vituo vilevile, kutoka ushenzi hadi ustaarabu, na kituo cha mwisho, ajabu, kilikuwa nyumbani kwao. Hapo jina la mageuko likapewa kazi ya kutawala. Mwaka 1897 Wakongo 267 walipelekwa Ubelgiji kuonyeshwa kwenye maonyesho, na saba walikufa huko, wamezikwa Tervuren. Mwaka 1906 Ota Benga, mtu wa misitu yetu, aliwekwa katika nyumba ya nyani kwenye bustani ya wanyama ya New York. Na hapa nyumbani, mwaka 1948, serikali ya kikoloni ilitoa kadi ya sifa ya kiraia kwa wale walioitwa ma-évolué, yaani Wakongo waliohesabiwa kuwa wamestaarabika Kizungu, kisha 1952 ikaongeza uandikishaji ulio mgumu zaidi. Kamati ilikuwa inakuja hadi nyumbani kukuangalia: mnakula mezani? mke anakaa na mume? choo kikoje? Lumumba mwenyewe alipitia hayo, akaandikishwa mwaka 1954. Baba yangu alikuwa akicheka hadi machozi akisimulia jirani aliyeazima uma na visu mtaa mzima, kamati ilipofika mtoto akauliza vile vyuma ni vya nini.

Waliopinga walikuwepo mapema, na klabu yenu isipowasoma itakuwa nusu klabu. Anténor Firmin, Mhaiti, aliingia chama cha antropolojia cha Paris, akakaa katikati ya wapima mafuvu, na mwaka 1885 akachapisha kitabu kinene kwa Kifaransa kueleza kwamba watu wote ni sawa. Mwaka ule ule Leopold II alikuwa anakabidhiwa Kongo. Franz Boas, mwanaantropolojia wa Marekani, naye alipima vichwa vya maelfu ya wahamiaji na watoto wao kule New York, akaonyesha mwaka 1911 kwamba umbo la kichwa lenyewe hubadilika kati ya mzazi na mtoto aliyezaliwa ugenini. Ikiwa fuvu halitulii hata kizazi kimoja, ngazi ya mafuvu inasimama juu ya nini? Karibu zaidi na sisi, Mudimbe, mzaliwa wa Likasi aliyefundisha Lubumbashi miaka ya 1970, alitumia maisha yake kuuliza ni nani aliyeiandika hiyo “Afrika” ya wasomi, na kwa faida ya nani.

Kuhusu mama. Kwanza, usimwambie “tumetoka kwa nyani”. Wanasayansi wanasema sisi na sokwe tuna mzazi mmoja wa zamani, kama miaka milioni sita au saba iliyopita, ambaye hakuwa sokwe wala mtu. Pili, usimletee maneno ya Papa wa Roma, si kanisa lake. Ila unaweza kumwambia kwamba sheria za urithi ziligunduliwa na mtawa, Mendel, akihesabu njegere bustanini mwa utawa, na zikaja kuunganishwa na kazi ya Darwin miaka ya 1930. Tatu, Jumapili baada ya ibada mchukue bustani ya wanyama ya Lubumbashi, kwa sokwe yatima waliookolewa kwa wawindaji. Usihubiri. Mwache asimame. Nilipeleka wanafunzi pale miaka na miaka, na kinachowanyamazisha siku zote ni mkono: kucha bapa kama zetu, mistari kwenye kiganja, ngozi ya vidole iliyokunjamana, na jinsi sokwe anavyoutoa kati ya vyuma akiwa ameukunjua juu, kuomba. Mama akisema “Mungu ni fundi”, jibu “ndiyo, mama”, mrudi nyumbani mle bukari. Hakuna mtihani wa kupasi hapo.

Swali: Kama watu na nyani ni ndugu, mbona hawa nyani wa leo hawageuki watu? — Mfanyabiashara, Kamalondo

Jibu: Wewe na binamu yako mna babu mmoja. Mbona binamu hageuki wewe? Ukitaka kuona matawi yanavyoachana, tazama ramani ya nchi yetu. Sokwe wa kawaida anaishi kaskazini na mashariki ya Mto Kongo, binamu yake bonobo kusini, na bonobo hapatikani nchi nyingine yoyote. Hawa wawili hawaogelei. Wametengana zaidi ya miaka milioni moja, na leo sokwe wanatawaliwa na madume wanaopigana, wakati bonobo majike ndio wenye sauti. Wazungu walimtofautisha bonobo mwaka 1929 kwa kuangalia fuvu lililokuwa kabatini kwenye makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji. Sokwe hajageuka bonobo, bonobo hajageuka mtu. Kila mmoja kaenda zake.

Swali: Yaya, mwanangu anayesoma anasema mageuko hayajasimama, yanaendelea hadi leo kwa binadamu. Nionyeshe moja ninaloweza kuliona. — Mama wa Likasi

Jibu: Unaliona, mama, na pengine umelililia. Ni SS, ule ugonjwa wa damu wa selimundu.

Mtoto hurithi maelekezo ya kutengeneza damu, nakala moja kwa baba na moja kwa mama; ya kawaida huitwa A, yenye kasoro S. Akipata S kwa wote wawili ni SS: chembe za damu zinajikunja kama mundu, zinaziba mishipa, maumivu ya mifupa, kuongezewa damu, wengi zamani hawakufika utu uzima. Sasa jiulize kama Darwin angejiuliza: kitu kinachoua watoto hivyo, kwa nini hakijafutika? Kila mtoto anayekufa anaondoka na S mbili.

Jibu lilitolewa na daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, mwaka 1954. Mwenye S moja tu, yaani AS, haugui SS, na malaria kali haimuui kwa urahisi kama inavyomuua mwenye AA, asiye na S yoyote. Penye mbu wengi, watoto wa AS walibaki hai wengi zaidi, wakakua, wakazaa, S ikaendelea. SS ndiyo bei ambayo ukoo unalipa kwa ulinzi huo. Hakuna aliyepanga. Malaria yenyewe ndiyo iliyochagua, kizazi baada ya kizazi, na ndiyo maana S imejaa Kongo na ni nadra kwa watu wa asili ya nchi za baridi. Huo ndio uteuzi wa asili wenyewe, na vyandarua na dawa vikipunguza malaria, faida ya AS nayo itapungua.

Hapa naacha Darwin, naongea kama mama kwa mama. Watoto wako wakifika umri wa kuchumbiana wapime. Baba AS na mama AS, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuwa SS. Haina maana mimba ya kwanza ikiwa SS basi tatu zinazofuata ziko salama; hesabu inaanza upya kila mara. Kuna wachungaji wanaodai cheti cha kipimo hicho kabla ya ndoa, nami nawapongeza. Na anayekwambia mtoto wa SS ni kazi ya wachawi, mfungie mlango.

Swali: Mimi ni dereva wa lori, Lubumbashi hadi Lusaka. Mteja aliniambia Kabwe ninapopita kila wiki kulipatikana kichwa cha mtu wa kale sana. Ni kweli, na naweza kukiona? — Dereva, Kampemba

Jibu: Kweli tupu. Juni 1921 wachimbaji wa mgodi wa risasi na zinki, mahali palipoitwa Broken Hill enzi za Waingereza, walitoa fuvu karibu zima ndani ya kilima kilichojaa mifupa. Nyusi zake ni nene, zimetokeza mbele kuliko za mtu yeyote utakayemkuta Kasumbalesa. Lilikuwa kati ya mabaki ya kwanza ya binadamu wa kale kupatikana Afrika, kabla hata ya mtoto wa Taung. Mwaka 2020 wataalamu walilipima upya, wakapata umri wa kama miaka 300,000. Na cha kunifurahisha mimi, mwalimu wa biolojia: meno yake ya juu yameoza, kumi kati yao, sukari ya dukani haijazaliwa.

Kuliona, hapana. Fuvu lilipelekwa London na lipo huko hadi leo. Zambia imelidai miaka mingi. Kilima chenyewe kilichimbwa chote kikaisha. Mgodi ulifungwa mwaka 1994 lakini vumbi la risasi bado liko kwenye udongo wa mitaa ya karibu na mgodi, na limewadhuru watoto wengi wa pale. Kwa hiyo ukisimama Kabwe kula, wewe na msaidizi wako naweni mikono kwa sabuni kwanza, na viatu mvikung'ute kabla ya kupanda kwenye kabini mnakolala.